Utando wa Clavery

Kaagya,
9 Februari 1986

Mdogo wangu mpendwa Clavery,

Nakusalimu sana kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, na kama nawe u mzima huko kwenye barafu, moyo wangu unatulia. Barua yako ya Noeli imefika juzi kupitia parokia. Picha yako umevaa kofia ya manyoya tumeicheka hadi machozi. Tata aliyetuzaa angekuwa hai angeuliza ni mnyama gani amekupanda kichwani.

Kahawa imezaa vizuri upande wa bondeni. Migomba ya nyuma ya nyumba inaliwa na wadudu, naona kibanja kitanidai jasho mwaka huu. Dada yako Getruda bado yuko Bakoba, pale Bukoba mjini, na binti yake Benigna, anakwenda visiwani Muleba kununua samaki na kuwaleta sokoni mjini. Nilimwambia safari za visiwani zimezidi, akanijibu mume alimwacha na mtoto, hakumwachia shamba. Mchumba wako Eufrazia alikuja Jumapili baada ya misa. Amekonda kidogo, anasema ni malaria. Anakusalimu.

Sasa nina swali. Mama Rugambwa alinishika mkono nje ya kanisa, kwa kuwa amemzika mwanawe wa pili, akaniambia, "Skolastika, mdogo wako ni daktari mkubwa huko Urusi. Mwandikie aharakishe dawa ya Juliana, ugonjwa huu wa kukondesha unaotumaliza." Nikamwambia wewe si daktari wa watu. Akauliza, "Ni daktari wa nini basi?" Nikaona aibu. Nieleze unachosomea, bojo, nakuomba, kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne.

Na uandike barua ndefu. Tangu mume wangu Kagaruki aende vitani asirudi, nyumba hii ina nafasi nyingi kuliko maneno.

Ni mimi dada yako,
Skolastika


Rostov,
30 Machi 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha baridi, na hicho huku kila mtu anacho. Pole kwa migomba. Mpe Mama Rugambwa pole zangu, umwambie ningependa jibu langu liwe lile analolitaka.

Ninachosomea ni hiki. Kuna madini ambayo ukiyapitishia umeme, ndani yake kila chembe huegemea upande mmoja. Ukizima umeme, huendelea kuegemea vilevile. Ukiyapitishia umeme wa kinyume, hugeuka na kuegemea upande wa pili. Kwa hiyo yanaweza kuweka kumbukumbu: upande huu ni ndiyo, upande ule ni hapana, na kompyuta haihitaji zaidi ya hayo mawili. Umeme wa Bukoba ukikatika, kompyuta ya sasa husahau yote. Hii haitasahau.

Lakini ili itumie umeme kidogo, madini hayo lazima yawe utando mwembamba sana, ambao unywele wa kichwa chako ni gogo la mti ukilinganisha. Tunaupika kwenye tanuri juu ya chuma cha thamani kiitwacho platini. Ukiwa mwembamba hivyo unapata magonjwa matatu. Wa kwanza unasahau, yaani unaacha kuegemea wenyewe. Wa pili unachoka, ukigeuzwa mara nyingi unagoma kugeuka. Wa tatu unavuja, umeme unapenya na utando unakufa. Profesa wangu, mama mmoja mkali anayeitwa Lidia Andreyevna, amenipa kazi ya kujua kwa nini, na kuutafutia uimara. Wengine wameshajaribu wakaacha.

Akisema kazi yangu ni mbaya ananiita kwa jina la ukoo, "Karugendo". Ikiwa nzuri haniiti kitu.

Msalimie Getruda. Eufrazia nimemwandikia.

Mdogo wako,
Clavery


Kaagya,
5 Aprili 1987

Mdogo wangu Clavery,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umekaa chini unapoisoma.

Eufrazia amefariki. Alizikwa kwao mwezi wa kwanza. Nilikwenda, nikasimama upande wa wakwe ingawa hamkufunga ndoa, na baba yake hakunizuia. Haikuwa malaria. Ulijua hilo nadhani. Mwishoni alikuwa mwepesi kama kikapu. Alikutaja, alisema nisikuandikie hadi utakapomaliza mtihani. Nimengoja muda niliokadiria mtihani umepita.

Na Getruda nimemtoa Bakoba, yuko hapa kwenye chumba cha Mama. Anaharisha, na mdomoni ana vidonda, lakini akili yake ni timamu na ulimi wake unaujua. Benigna naye yuko hapa, amehamia darasa la tano shule ya Kaagya. Mwenye nyumba wa Bakoba alichoma godoro lao uani kabla hatujaondoka, mtoto akitazama.

Clavery, umeniandikia mara nyingi kwamba utando wako una magonjwa matatu. Nakuomba utafute neno lingine. Hapa neno hilo tunalitumia kwa kitu kingine.

Wakati wa vita tulisikia mizinga, tukajua kifo kinatokea upande gani, tukakimbilia upande wa pili. Sasa hakuna pa kukimbilia kwa kuwa hakuna mlio. Getruda anauliza kama unaweza kuja. Hasemi mara nyingi, lakini akisikia gari barabarani anainua kichwa.

Njoo ukiweza.

Dada yako,
Skolastika


Rostov,
24 Mei 1987

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Habari za Eufrazia nimezipata. Asante kwa kusimama pale.

Siwezi kuja sasa. Tiketi ya kurudi hutolewa mara moja tu, mwisho wa masomo, na nikiondoka hakuna anayeniahidi kwamba nitarudi. Kazi nayo imefika mahali pagumu. Naona tatizo la kuchoka liko pale utando unapogusana na platini. Kila unapogeuzwa, oksijeni kidogo inahama na kuacha matundu, na matundu yanakusanyika mpakani kama watu mlangoni, hadi hakuna kinachoweza kugeuka. Nikiondoa platini nikaweka kitu ambacho chenyewe kina oksijeni ya kurudisha, labda. Nimemwambia Lidia Andreyevna. Hakuniita kitu. Nafika maabara kabla ya mfagizi na ninaondoka wa mwisho. Sitaki kukaa bwenini nikifikiri.

Natuma sabuni, dawa ya kuharisha na chumvi za kuchanganya na maji. Maji uyachemshe. Mwambie Getruda ninamwombea, na kwamba kichwa akiinue tu, siku moja gari litakuwa langu.

Mdogo wako,
Clavery


Kaagya,
29 Novemba 1987

Clavery,

Getruda ametutoka siku ya Watakatifu Wote, asubuhi, senene wakiwa wameanza kuanguka. Watoto wa jirani walikuwa nje wakipiga kelele za kuwakamata, na yeye akasema, "Skola, nenda nawe, usiwaache wote waishe." Nikamwambia siondoki. Akasema, "Basi mtume Benigna, mtoto asikae humu ndani akinitazama." Benigna akaenda na chombo. Aliporudi kilikuwa kimejaa, na mama yake ameshafumba macho.

Nilimwosha mwenyewe. Wanawake wa jumuiya walisimama nje, wengine kwa heshima na wengine kwa hofu, sikuwauliza nani ni nani. Mwezi mzima wa mwisho nilikuwa nambeba mgongoni kwenda uani, kama alipokuwa mdogo. Kuna siku alicheka njiani. Akasema, "Tulikuwa tunamcheka Clavery na kofia yake, sasa mimi ndiye mnyama niliyekupanda."

Dawa ulizotuma zilifika baada ya mazishi. Nimewapa wengine.

Sina hasira, au ninayo na itapita. Lakini kwa muda usiniandikie habari za utando. Niandikie kama unakula na kama unalala.

Skolastika


Rostov,
17 Januari 1988

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole. Sijui neno lingine. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Nakula. Kulala, kidogo.

Umenikataza kusema juu ya utando na ninakutii, isipokuwa sentensi moja, kwa sababu huku hakuna mtu mwingine wa kumwambia kwa lugha yangu: tuliuweka juu ya oksidi ya rutheni, madini yenye oksijeni yake yenyewe, badala ya platini, tumeugeuza kwa majuma, usiku na mchana, na haujachoka. Lidia Andreyevna alikaa kwenye kiti changu akatazama mashine kwa muda mrefu. Kisha akaenda kunitengenezea chai. Hajawahi kumtengenezea mtu chai.

Nilikunywa, nikatoka nje kwenye theluji, nikamlilia Getruda. Eufrazia pia. Mbwenu, basi, ndiyo hivyo.

Mdogo wako,
Clavery


Rostov,
2 Aprili 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Benigna ni wazima.

Nitaondoka hapa mapema kuliko tulivyopanga. Usije kunipokea bandarini, sijui tarehe wala meli. Nitaandika nikifika.

Mdogo wako,
Clavery


Kaagya,
14 Agosti 1988

Kwa Clavery Karugendo,
Kishanda, Muleba

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Sisi ni wazima, na wewe sijui, kwa maana habari zako nimezipata sokoni.

Ashura, yule aliyekuwa akiuza samaki pamoja na Getruda, aliniuliza kama mgeni wangu amepumzika. Nikasema mgeni yupi. Akaanza kufunika samaki wake. Nikamwambia, "Ashura, usinifanyie hivyo." Ndipo akasema mlikuwa meli moja kutoka Mwanza mwezi wa sita, ulishuka Kemondo na sanduku moja, hukuendelea hadi Bukoba. Alisema suruali umeifunga kwa kamba. Mwingine akaniambia unakaa kwenye nyumba ya marehemu mjomba Rweyemamu, na unafundisha hesabu pale sekondari.

Kagaruki nilipewa habari zake na mtu aliyeshuka kwenye lori la jeshi, simfahamu, akaondoka kabla sijamuuliza alizikwa wapi. Sitaki habari za mtu wangu kwa namna hiyo tena. Kwa nini hukuja nyumbani?

Dada yako,
Skolastika


Kishanda,
28 Agosti 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Una haki ya kuuliza.

Kabla ya Pasaka walipima damu za wageni wote. Daktari alisoma karatasi bila kuniangalia, akasema nina siku chache za kufungasha. Nikamwambia nimebakiza sura moja ya tasnifu. Akasema, "Hiyo si idara yangu." Bwenini walikuwa wameshatoa kitanda changu koridoni. Wenzangu ambao nilikula nao walinipungia mkono kutoka mwisho wa ukumbi. Lidia Andreyevna alikuja stesheni. Alivua glavu zake, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, "Kaiandike huko huko, Clavery. Nitaisoma." Siku hiyo aliniita jina langu la ubatizo.

Habari ya Eufrazia ilipofika nilijua ugonjwa huo nami ninao, dada. Sikwenda kupimwa. Nilitaka kwanza nione kama utando utashika.

Kaagya siji. Umembeba Getruda mgongoni. Sitaki nami unibebe. Una Benigna wa kulea na majirani ambao bado wanakusalimia. Hapa watu hawanijui sana, na wanafunzi ni wazuri. Nikichoka nakaa, nawafundisha nikiwa nimekaa.

Nakuomba usije.

Mdogo wako,
Clavery


Kishanda,
16 Oktoba 1988

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama Kaagya na kwamba mvua haikukukuta njiani.

Nisamehe kwa siku ile ulipokuja. Nilikusikia tangu unamsalimia jirani. Ulipogonga nikasema, "Nenda nyumbani, Skola." Ukasema, "Nimekuja na ndizi na kuku, na nimetembea kutoka barabarani." Nikasema uviache. Ukakaa kwenye ngazi. Nilikuwa upande wa pili wa mlango, nimekaa chini, nikisikia unavyopumua. Sikufungua kwa sababu ya uso wangu. Una madoa sasa, na nilitaka ubaki na ule wa kwenye picha. Ulipoondoka nilifungua, nikakuona unaishia kwenye migomba, nikashindwa kukuita.

Kuku tumekula na jirani. Asante.

Shule nimeacha. Mwalimu mkuu hakunifukuza, alisema tu nipumzike.

Lidia Andreyevna ameandika. Wanaugeuza utando bado, na bado haujachoka. Anataka sura ile. Tatizo moja limebaki: ukiuzidisha wembamba kupita kiwango fulani, unasahau, hata juu ya oksidi. Nadhani najua sababu. Chembe zikiegemea, usoni mwa utando kunabaki chaji ambayo oksidi iliyo chini yake haiifuniki sawasawa, na chaji hiyo inaurudisha nyuma. Utando ukiwa mnene haidhuru, ukiwa mwembamba inaushinda. Najua hata jinsi ya kuipima. Lakini kalamu inaniponyoka, mwandiko wangu siusomi mwenyewe, na ninajiuliza nani anaihitaji. Mama Rugambwa aliuliza mimi ni daktari wa nini. Sijampa jibu zuri hadi leo.

Mdogo wako,
Clavery


Kaagya,
6 Novemba 1988

Mdogo wangu mpendwa Clavery,

Nakusalimu, na Benigna anakusalimu. Sisi ni wazima. Mvua ilinikuta, lakini nilikuwa nalia tayari, kwa hiyo haikuniongezea kitu.

Barua yako nimeisoma, kisha Benigna ameisoma kwa sauti sehemu ile ya chaji, mara nyingi, hadi nikaanza kuelewa. Yeye ameelewa kabla yangu. Ameuliza, "Mjomba anaipimaje?" Nikasema mimi sijui, hajasema. Akanikasirikia kana kwamba nimemficha.

Nilikukataza kusema habari za utando kwa sababu ya Getruda. Nilikuwa naona umechagua utando ukamwacha dada yako. Sasa naona ulikuwa unakimbizana na kitu, na peke yako. Basi nisikilize. Sikudanganyi kwamba utapona. Nimeshazika, najua inavyokwenda, najua hata ni miezi gani migumu. Na sijui kama dunia inaihitaji sura yako. Mama yule wa Urusi anaihitaji, amesema. Mimi pia. Nimeona watu wengi sana hapa wakikatwa katikati ya jambo: nyumba haijaezekwa, mtoto hajabatizwa, posa haijapelekwa. Nataka mmoja wetu amalize.

Benigna ana mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Wewe utasema, yeye ataandika. Kiingereza chake ni kidogo, Kirusi hana, utamtajia herufi kwa herufi. Ukichoka mtaacha. Siku ambayo huwezi kusema, atanakili yale uliyokwisha kusema. Mimi nitakupikia, na kukubeba nitakubeba, hilo si la kujadiliana. Mgongo ni wangu.

Kuhusu uso wako, nilikuona. Uliposimama mlangoni niligeuka pale kwenye migomba, ila wewe ulikuwa unatazama chini. Ni uso wa Clavery.

Rugambwa atakuwa na lori la kahawa Jumamosi, linarudi tupu kutoka Muleba. Amekubali. Nilimwambia ukweli wote, akasema, "Mama yangu amezika watatu sasa, unafikiri nitaogopa kumpakia mmoja aliye hai?" Wewe utakaa mbele karibu naye, mimi nitakaa nyuma na godoro lako na vitabu. Godoro tutakuja nalo, hakuna atakayelichoma.

Barua hii nampa Ashura, anashuka Kemondo kesho na ataifikisha. Usinijibu, jibu halitanikuta. Wewe amka Jumamosi, uvae sweta, ufungue mlango.

Nakuja.

Dada yako,
Skolastika